Mtoto wa Meza ya Jirani

Mtu wa kwanza kunielewa Kingereza changu alikuwa mwanamke asiyekuwepo. Alisimama nyuma ya kaunta ya uwanja wa ndege, nywele zimebanwa vizuri, meno meupe kupita kiasi, akaniuliza kama nina mizigo. Nilinyoosha mkono nimsalimie kwanza, maana sikulelewa porini, na mkono wangu ukampiga shavuni mama mmoja wa kijiji cha Kibumba aliyekuwa ameketi kiti cha pembeni. Mama akapiga yowe. Ukumbi mzima ukacheka, nami ndani ya kofia sikujua kwamba wananicheka mimi.

Vijana waliiita kaske, jina lile lile la kofia ya motari anayekubeba kwenye pikipiki yake. Ukiivaa inakuziba macho na masikio, Majengo, mtaa wetu hapa Goma, yote inapotea na makelele yake, unajikuta chumba cha nchi nyingine, na mtu wa humo anakusemesha Kingereza kisha anangoja umjibu. Ukijibu vizuri, nyota ya kijani inawaka juu ya kichwa chake. Ukiharibu inawaka nyekundu, naye anakuuliza tena kwa tabasamu lile lile, hata ukiharibu tangu asubuhi. Mimi nimefundisha Kifaransa shule ya msingi mpaka sauti yangu ikakauka, na nakuambia hakuna mwalimu mwenye subira ya namna ile. Ndiyo sababu sikumwamini.

Kofia hizo zililetwa na watu wa mradi, waliotaka vijana wetu wazoee kuongea bila haya. Kisha vita ikaingia, mji ukapata watawala wengine, watu wa mradi wakapanda magari yao wakavuka mpaka, na kofia zikabaki kwenye kabati la ukumbi, karibu na kanisa. Alibaki pia mwalimu wa kofia hizo, dada mwenye umri wa kuwa binti yangu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba kazi imekwisha. Aliendelea kufungua mlango kila asubuhi. Kofia alizichaji kwa umeme wa jua. Mtandao wa mradi ulikuwa umekatwa, kwa hiyo vilibaki vyumba vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani tu: uwanja wa ndege, hoteli, daktari na mgahawa. Uwanja wetu wenyewe ulikuwa umefungwa, nyasi zinajiotea. Mimi ndani ya kofia nilikuwa napimisha mizigo kila wiki.

Siku ya kwanza dada huyo aliniuliza ninataka Kingereza cha nini.

«Ni ya kazi, Mama? Ao unataka kuenda Kampala?»

«Kazi gani na hii miguu? Nataka niongee na bwana yangu.»

Alicheka papo hapo. Hakuhitaji nimweleze.

Lakini wewe msomaji huenda unahitaji. Kwetu, mjukuu wa kiume ni mume wa koko wake. Koko ndiye bibi mzaa mama, au mzaa baba, ni yule yule. Tangu mtoto yuko mgongoni unamwita mume wangu, unamuuliza mahari imefikia wapi, unamkaripia kwamba jana hukuletewa nyama. Yeye akianza kusema anakujibu kwamba umezeeka, meno yamekutoka, amepata mwingine. Mnagombana mpaka watu wanashika mbavu. Mambo mazito ambayo mama yake hawezi kumwambia, wewe unamwambia humo humo ndani ya utani. Sijui watu wasio na utani huo wanawapendaje wajukuu wao, pengine kwa kuwanunulia vitu.

Huyo wangu sijawahi kumshika. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, aliolewa na mzungu aliyekuja hapa kwa kazi, akamfuata kwao, nchi ya baridi wanakosema Kingereza tupu. Mzungu mwenyewe si mtu mbaya, ni mpole kama maji ya mtungi, ila Kiswahili hakujua, na Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea chumvi. Wakazaa mtoto wa kiume. Kila Jumapili baada ya misa binti yangu alipiga simu ya video, nami kabla ya salamu nilikuwa napaza sauti: «Bwana yangu iko wapi? Ameshanunua mbuzi ao bado?» Binti yangu alicheka, akageuka, akamwambia mtoto kitu kifupi kwa Kingereza, na mtoto akanipungia mkono. Nililala vizuri siku hizo. Nilikuwa na mume ng'ambo.

Binti yangu alifariki mwaka jana. Ugonjwa wa damu, ulianza kama uchovu, na uchovu kwetu si ugonjwa. Walimzika kule kule. Mazishi niliyaona kwenye simu, watu wachache wenye makoti meusi, kisha mtandao ukakimbia kabla hawajamshusha. Sisi tulimfanyia matanga hapa Majengo kwa picha yake iliyowekwa juu ya kiti cha plastiki. Matanga bila maiti ni kazi ngumu. Watu hawajui wakuangalie wapi.

Baada ya hapo simu ya Jumapili ilikuja mara moja tu. Mzungu aliongea polepole, kama watu wanavyowaongelesha wazee na wagonjwa, nami sikushika neno. Mtoto alikuwa ameketi pembeni yake, ana paji la uso la mama yake, lile pana. Aliangalia chini. Nilisema «halo». Akaendelea kuangalia chini. Tukabaki hivyo, watu watatu wenye msiba mmoja na hakuna wa kutuunganisha, maana aliyekuwa anatuunganisha ndiye tuliyekuwa tunamlilia. Baadaye mzungu alinitumia ujumbe uliotafsiriwa na simu, Kifaransa cha kuchekesha lakini kinaeleweka: mtoto haongei, hata shuleni haongei, na chakula anakigusagusa tu.

Hapo nilijua kazi yangu. Baba yangu alipokufa, Bukavu, kaka yangu mdogo alifunga mdomo namna hiyo hiyo. Watu wazima walimbembeleza bila kupata kitu. Ndipo koko wetu aliingia katikati ya kilio, akasimama mbele yake na kumwambia: «Wewe bwana gani? Baba yako ameenda, sasa niko wako peke yako, na kuni za kupikia ziko wapi?» Kaka alimwangalia, midomo ikamtetemeka, akacheka. Akacheka huku analia, kisha akaomba ugali. Mimi niliona kwa macho yangu. Mtu asiniambie haikuwa dawa.

Dawa nilikuwa nayo, ila nilipungukiwa na mdomo wa kuipitishia. Ningeweza kumtuma mkalimani, lakini utani wa koko haupiti kwa mtu wa tatu, unafika umepoa. Nilitaka nimwambie mwenyewe, kwa sauti yangu, na lafudhi isiyomchosha mtoto.

Basi nikawa mwanafunzi. Asubuhi, kabla jua halijakausha matope ya barabara, nilikuwa mlangoni pa ukumbi na kitenge changu kizuri, maana huwezi kwenda uwanja wa ndege na nguo za jikoni, hata kama haupo. Daktari sikumpenda. Aliniuliza ninaumwa wapi, nikamweleza ukweli, nyota ikawa nyekundu; alitaka niseme kichwa. Mtu wa hoteli alikuwa na haraka ya kuagana. Nilipopenda ni kwenye mgahawa.

Mhudumu wa mgahawa sikuwa na shughuli naye. Meza ya jirani ndiyo ilikuwa na familia: baba, mama, na mtoto wa kiume wa miaka kama sita, wote hawasemi, wamewekwa pale kujaza chumba. Mtoto alikuwa anainua kijiko mpaka karibu na mdomo, anakishusha, anakiinua tena. Hajawahi kula hata tonge moja. Siku ya kwanza nilimwona nikasahau kuagiza. Mhudumu akauliza kama niko tayari, akauliza tena, nyekundu juu ya nyekundu, nami nimegeuza kiti changu chote upande wa yule mtoto.

Tangu hapo nilikuwa nafanya mazoezi naye. Nilimwambia habari za asubuhi, nikamwambia jina la mama yake, yaani la binti yangu. Nilimwambia kula.

Dada mwalimu alinisikia, akanigusa bega. «Mama, uko naongea na nani pale?»

«Na mutoto.»

«Ule mutoto ni mapambo tu, Mama. Hasikie.»

«Hata wa kwangu hasikie. Tuache.»

Akatuacha. Jambo la ajabu ni kwamba mashine ilinisikia hata nilipoongea na mapambo. Haikujali ninamwambia nani wala ninasema nini. Maneno yakitoka yamenyooka, nyota ilikuwa kijani. Nilifurahi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Maneno ya simu tuliyatunga pamoja, mimi na dada, juu ya benchi, tunakula mahindi ya kuchoma. Nilimwambia kwa Kiswahili, akayageuza, tukayapunguza yatoshe pumzi zangu.

«Ongeza nimemupikia sombe,» nikasema, kisamvu kwa wengine.

«Sombe kwa Kingereza haiko. Tuseme chakula.»

«Basi chakula. Lakini aseme kama anakuya lini. Bwana gani hana siku?»

Dada alicheka mpaka akapaliwa na hindi. Alisema koko wake mwenyewe, kule Kibati, alikuwa akimtukana kaka yake namna hiyo mpaka siku aliyokata roho, na kaka ndiye aliyelia kuliko wote. Akayasoma maneno yetu mara nyingine, akayaona mazuri. Sote wawili tuliyaona mazuri. Nikaingia nayo kwenye kofia, nikamwambia yule mtoto wa meza ya jirani mwanzo hadi mwisho. Alishusha kijiko, akakiinua. Nyota ikawaka kijani, na sauti ikanipongeza.

Jumapili tuliegemeza simu kwenye bidoni la maji juu ya meza hapo ukumbini, dada pembeni yangu kunipa moyo. Mzungu alikuwa na ndevu ambazo hazijatunzwa. Akamweka mtoto mbele. Nikavuta pumzi, nikasema kwa Kingereza, bila kukwama popote:

«Habari, mume wangu. Mama yako amekwenda. Sasa wewe ni wangu peke yangu. Unakuja lini kunichukua? Nimekupikia chakula, ninakungoja.»

Mtoto aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu msiba aliniangalia mimi, moja kwa moja, macho yamefunguka kabisa. Nilimbana dada mguu chini ya meza. Dawa inaingia, nilijisemea. Mtoto akauliza kitu kwa sauti ndogo. Neno nililolishika lilikuwa kwenda. Nikadhani anaingia kwenye mchezo, anauliza atakuja kwa njia gani, kama kaka yangu alivyoingia akaomba ugali. Nami jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimelisikia na kulirudia kwenye kaunta ile.

«Usiwe na wasiwasi,» nikamwambia. «Una mizigo mingapi? Nitakupa kiti cha dirishani.»

Dada alipasuka kwa kicheko, akapiga makofi. Nami nikacheka, nilikuwa na furaha, sitasema uongo. Tulikuwa bado tunacheka wakati mdomo wa mtoto ulipofunguka na sauti ikachelewa kutoka. Mwanzoni nilifikiri ni mtandao. Kisha sauti ikaja. Alikuwa analia kwa nguvu, amelishika shati la baba yake kwa mikono yote miwili, anarudia neno moja, na hilo nililijua hata kabla ya kofia: hapana. Mkono wa mzungu ukafunika kioo. Nilisikia akisema asante sana, tunapaswa kuishia hapa. Sentensi hiyo pia niliielewa. Ndiyo ya mtu wa hoteli anapomaliza somo.

Ujumbe ulifika kesho yake, wa upole, ningependa ungekuwa wa matusi. Mtoto hakulala. Alikuwa anauliza kama mama yake, kabla ya kufa, aliahidi kumtoa kwa yule mama mzee, na kama watampandisha kwenye ndege peke yake. Begi lake la shule alikuwa amelificha ili asiwe na mzigo wa kusafiri nao. Mtu anayehudumia watoto waliofiwa alikuwa ameshauri simu zisimame kwa sasa. Najua hukukusudia vibaya, aliandika mzungu mwishoni. Maneno hayo ndiyo yaliyonikata zaidi, maana kabla ya hapo haikuwa imenijia kwamba mtu angeweza kufikiri nilikusudia.

Dada alisoma, akaweka simu chini kana kwamba ina moto.

«Lakini si utani? Kwabo hakuna bakoko?»

«Wako,» nikamwambia. «Lakini koko wa kwabo haiko muke wa mutu.»

Tulimwandikia maelezo marefu. Dada alitafuta maneno ya Kingereza ya utani, ya desturi, ya msiba. Aliyatafuta mpaka jioni. Mzungu alijibu kwamba ameelewa, ameshukuru kuelezwa, ila wa kuelewa si yeye, ni mtoto, na mtoto ana miaka sita. Alikuwa na haki. Nilizunguka nyumba yangu nikitafuta wa kumkasirikia, na sikumpata. Mashine? Ilifanya ilichotumwa. Dada? Alikuwa na koko wa Kibati kama mimi nilivyokuwa na wa Bukavu. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini mdomo wangu ulikuwa haujakosea hata silabi. Ningekuwa na Kingereza kibovu, mtoto asingenielewa, na leo ningekuwa naye.

Kisha nikakumbuka kitu, na afadhali nisingekumbuka. Nilikuwa naosha sahani. Ikanijia sauti ya binti yangu, zile Jumapili, akigeuka kumwambia mtoto kile kitu kifupi baada ya mimi kuuliza mbuzi wa mahari. Zamani ilikuwa sauti tu, kama mlio wa ndege. Sasa sikio langu lilikuwa limesomeshwa, na maneno yakasimama wazi mbele yangu, yale yale kila wiki: Koko anakusalimia.

Basi. Koko anakusalimia. Miaka yote ile hakuwahi kumwambia kwamba ana mke Goma. Alijua yatakavyosikika kule, akakaa katikati yetu na kuyakamata maneno yangu yasimfikie, na mimi akanipa kicheko chake ili nisijue. Mtoto hakuwahi kuwa mume wangu. Nilikuwa mama mzee wa kwenye simu, anayesalimia.

Nilirudi ukumbini, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Kofia zilikuwa zinaanza kufa. Betri hazikushika tena moto, na hakuna wa kuleta nyingine. Iliyobaki nzima aliniwekea dada bila kuniuliza. Niliingia mgahawani, nikageuza kiti changu. Mtoto aliinua kijiko. Nilimwambia kwa Kingereza: koko anakusalimia. Nikamwambia tena. Mhudumu akauliza kama niko tayari kuagiza, na kabla sijajibu pakawa giza. Nilibaki nimeivaa kitambo, kwa sababu nilikuwa nalia, na ukumbini walikuwepo watu.

Ukumbi sasa ni ghala la maharage ya waliokimbia vita. Dada anauza vocha za simu karibu na soko, naye ndiye aliyenikimbilia juzi, simu yangu nikiwa nimemwachia aichaji, akisema kuna ujumbe wa sauti umeingia kutoka ng'ambo. Tulisimama kando ya ukuta wa mawe meusi, pikipiki zinapita, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Alikuwa mtoto. Sauti imekua kidogo. Alisema kwa Kingereza habari koko, na nyuma yake nikasikia mtu mzima akinong'ona. Akasema mimi ni mzima. Mnong'ono tena. Akasema ninasoma shule. Mnong'ono. Akasema ninakutakia siku njema, kwa heri. Kila neno lilikuwa safi, limenyooka, limetengwa na jingine kwa nafasi sawa. Nilijua mara moja amefanyishwa mazoezi, maana ndivyo nilivyokuwa naongea mimi na mwanamke wa kaunta.

«Nikutafsirie, Mama?» dada akauliza.

Nikamwambia hapana, nimeelewa yote.